Tiyo ya kupumulia ya motere: musiizibe

Yaya wangu anatumika ku karyeri, upande wa Kolwezi, miaka karibu kumi na mbili sasa. Kama wengi wetu, alijisemea: mushahara wa mine siyo wa kuzeeka nao, ni lazima kutafuta kitu kitakacholisha watoto siku kazi itaisha. Akafunga mukanda. Mukazi wake akauza makala na mukate mbele ya lupango. Mwisho wakanunua Toyota ndogo ya okazyo, ile ya motere 1NZ tunayoionaka kila pahali mu takisi. Ikafanya takisi miezi mitano bila neno.

Mwezi wa sita shofere akamwambia: "Papa, kuko moshi kidogo inatoka juu ya motere." Wakaenda garaji, chini ya muembe. Mekanisiye akafungula kapo, akaona tiyo moja ya mpira imepasuka karibu na kifuniko cha motere, inapulizia moshi mwembamba. Hakuuliza kitu. "Patro, hii tiyo njo inaleta moshi. Tunaifunga." Akachukua buloni, akaizungushia mpira wa ndani wa kinga, akaipiga mu kinywa cha tiyo, akakaza na waya. Na ile tiyo ya pili ya pembeni, kwa sababu ilikuwa na mafuta ndani, akaiziba pia. Moshi ukaisha. Yaya akalipa, akashukuru.

Juma tatu hazikupita. Mafuta ya motere ikaanza kudondoka katikati ya motere na buati ya vitesi. Wakashusha buati, wakabadilisha ule mpira wa nyuma unaozuia mafuta kwenye vilibrekini. Siku kumi, mafuta tena, na safari hii hata kijiti cha kupimia mafuta kilikuwa kinasukumwa juu chenyewe. Njo mekanisiye akatoa lile neno ambalo kila mwenye takisi analiogopa: "Patro, segima zilishaisha. Tufungule motere." Dola mia nne, pamoja na vitu na mukono. Takisi ikalala juma sita, na ilikuwa wakati wa minervali ya watoto. Motere ikafungwa upya, na buloni ikarudishwa palepale ilipokuwa. Siku ya nne mafuta ikadondoka.

Aliyemaliza ile mateso ni muzee mmoja wa jirani, mekanisiye wa zamani wa mashine za chini ya udongo. Aliangalia dakika mbili, akauliza: "Nani aliziba shimo ya kutokea hewa?"

Ninaandika haya juu ninaona kosa hili kila juma, na kila juma kuko jamaa moja inayolipa. Na sisi watu wa mine njo tungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa. Kila mutu aliyeshuka chini ya udongo, Kipushi, Kamoto ama sasa Kakula, anajua: galeri haiishi bila hewa inayotembea. Hewa safi inaingia upande mmoja, inapita pahali watu wanatumika, inachukua moshi wa baruti na wa mashine, inatoka upande mwingine, na ventilatere njo inaivuta. Ziba njia ya kutokea, utaona kama utamaliza posti yako.

Motere nayo iko hivyo. Esanse inawaka juu ya pistoni. Segima zinashikilia ule moto usishuke, lakini hakuna segima inayoshikilia yote, hata ya motere mupya kabisa. Sehemu kidogo ya gazi inapita pembeni ya pistoni na kushuka mu karteri, pahali mafuta inakaa. Ni esanse isiyoungua, ni mvuke wa maji, ni moshi wenye asidi. Inashuka kila mara pistoni inasukumwa, na kwa mwendo wa kawaida hiyo ni maelfu ya mara kwa dakika. Ikikosa pa kutokea, inafanya mambo mawili. Inaharibu mafuta mpaka ikuwe matope nyeusi. Na inasukuma. Inasukuma chini ya kifuniko, inasukuma kijiti, inasukuma mipira ya mbele na ya nyuma mpaka ule ulio dhaifu zaidi uachilie. Mpira wa yaya wangu haukuwa na kosa. Ulisukumwa.

Kwa hiyo waliotengeneza motere waliweka tiyo mbili. Ya kwanza inatoka kwenye tiyo kubwa ya hewa, nyuma ya filtri, na inaingia juu ya kifuniko cha motere: hiyo ni shimo ya hewa safi. Ya pili inatoka kwenye kifuniko na kwenda mu pipi ya hewa, chini ya kile kifuniko kinachofunguliwa na aksereratere. Pale, motere ikiwa ku ralanti, kuko uvutaji mkali, na huo uvutaji njo ventilatere yetu. Mwanzoni mwa hiyo tiyo ya pili kuko valvu ndogo, kubwa kama kidole, ndani iko na kitu kinachocheza na resori. Ku ralanti uvutaji ni mwingi, valvu inajibana na kuachilia kidogo tu. Mutuka ikipanda mulima, uvutaji unapungua, resori inaifungua zaidi. Motere ikipiga moto kurudi nyuma, inafunga kabisa, ili moto usishuke mu karteri. Na mzigo ukiwa mwingi mpaka valvu haitoshe, gazi inayobaki inarudia njia ya tiyo ya kwanza, inavutwa na motere na kuungua. Mekanisiye wetu wanaita haya yote reniflari, bila kutenganisha, na pengine kosa linaanzia mu lile jina moja.

Kuna wanaojibu: "Asi zamani tiyo ilikuwa inaning'inia tu chini, na magari yalitembea." Ni kweli. Kamyo za zamani zilikuwa na tiyo moja iliyofungulia chini, upepo wa mwendo unavuta moshi, mafuta inadondoka barabarani. Ni Marekani, jimbo la California, waliokataa kwanza, juu moshi wa magari ulikuwa unafunika mji wa Los Angeles: tangu mwanzo wa miaka ya 1960, kwa magari mapya yanayouzwa kule, ilipaswa hiyo gazi irudishwe mu motere iungue. Lakini angalieni vizuri: hata ile tiyo ya zamani ilikuwa imefunguliwa. Hakuna muhandisi, wa zamani ama wa leo, aliyewahi kuweka buloni pale.

Mimi siwasemi mekanisiye wote vibaya. Wengi ni vijana waliojifunza kwa kufungula na kufunga, hakuna aliyewaonyesha juu ya nini kila kitu kiko pale. Na kuko kitu cha kweli mu maneno yao: segima zikiisha kweli, gazi inakuwa mingi, inabeba mafuta mpaka mu filtri ya hewa, na motere inakunywa mafuta yake. Mutu asiye na franga za kufungula motere mwaka huu afanye nini? Mimi ningesema hivi, na najua kuko mafundi hawatanikubalia: kama ni lazima, aziungue zile tiyo, azibe vizuri pahali zilipoingia upande wa hewa, lakini upande wa motere abakishe wazi, na tiyo ndefu inayoshuka mpaka chini, mbali na egzosi. Ni uchafu, na vumbi kidogo inaweza kupanda, na siyo dawa. Lakini motere itapumua. Kuziba upande wa motere, hapana, hata siku moja.

Sasa vumbi. Hapa tusipite mbio. Ile tiyo ya hewa safi inachukua hewa nyuma ya filtri, hewa iliyokwisha kuchujwa. Ikipasuka, ama kolye yake ikilegea, motere inavuta hewa isiyochujwa, na hewa ya barabara zetu mnaijua. Katika saizon kavu, nyuma ya kamyo za minere, kuanzia mwezi wa tano mpaka mvua ya kwanza, mutu haoni hata buti yake. Ndani ya ile vumbi kuko silika, ile ile inayokula mapafu ya watu wanaopiga matobo ya baruti bila maji. Mu silindiri inafanya kazi ya papye ya kusugulia: inakula segima, inakula ukuta wa silindiri, kisha inashuka mu mafuta na kukula kila kitu kinachozunguka. Mutu ananunua filtri mupya kila mwezi, anajisifu, na tiyo ya nyuma yake imefunguka kama mulango. Nimeona Land Cruiser ya kazi, nguvu kama ile, imeisha mbele ya wakati juu ya tobo moja ambayo ungeifunika na kidole gumba.

Tiyo nyingine nyembamba mnazoziona zimezunguka pipi ya hewa, hizo ni za uvutaji. Kila moja iko na kazi yake: moja inavuta mvuke wa esanse kutoka kwenye tanki, moja inapeleka habari kwa kompyuta ya motere ama kwa kirekebishi cha presha ya esanse, inategemea mutuka. Zikipasuka, hewa inaingia bila kupimwa. Ralanti inapanda na kushuka, motere inataka kuzima mukifika kwenye feu, taa ya motere inawaka, na mwenye kompyuta ya kusoma anakuta namba P0171: hewa mingi, esanse kidogo. Hapo tena mutakuta wanabadilisha buji, wanabadilisha pompi ya esanse, wanabadilisha kapteri za bei kali, moja kwa moja, mpaka franga iishe. Tiyo bado inapiga filimbi.

Hiyo filimbi inasikika. Chukua kipande cha tiyo kama nusu metre, weka mwisho mmoja mu sikio, zungusha ule mwingine polepole kando ya tiyo zote motere ikiwa ku ralanti, mbali na mikanda na helisi. Ama nyunyiza maji kidogo kidogo, mbali na bobini za umeme: pahali ralanti inabadilika maji ikigusa, tobo iko pale. Kuko wanaonyunyiza esanse. Muwakataze, na wakiendelea mutoe mutuka yenu pale. Kwenye motere ya moto, hiyo ni kucheza na maisha ya watu na lupango ya jirani.

Tiyo moja ya uvutaji inazidi zingine zote, ile nene inayoenda kwenye buati ya duara nyuma ya pedali ya freni. Ile njo inasaidia mguu wako. Ikitoboka, pedali inakuwa ngumu kama jiwe, na mutuka imejaa watu inashuka miteremko ya Likasi. Kuijaribu hakuombi hata franga moja: motere ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara tano ama sita mpaka ikuwe ngumu, acha mguu palepale juu yake, washa motere. Pedali inapaswa kushuka kidogo yenyewe. Ikibaki vile, usipakie abiria. Kwenye mutuka ya mazutu kuvuta kule hakutoki mu pipi, juu motere ya mazutu kwa kawaida haitumiki na kile kifuniko cha kubana hewa. Kuko pompi yake, na kwenye Hiace nyingi za zamani imekaa nyuma ya alternateri. Mazutu iko na hatari yake nyingine pia. Ukijaza mafuta kupita alama, ama segima zikiisha kabisa, tiyo ya kupumulia inaweza kupeleka mafuta mingi mu hewa mpaka motere inaanza kutembea kwa mafuta yake yenyewe. Utazima ufunguo, haizimi. Inapanda tu, inalia. Wakati huo hakuna kingine isipokuwa kuikosesha hewa: ziba kinywa cha hewa na ubao ama kitu kigumu, hapana mukono, na watoto wakae mbali.

Mutaniuliza, sasa nitajuaje kama mekanisiye ananiambia ukweli? Washa motere, iache ku ralanti, fungula kifuniko cha kutilia mafuta, weka juu ya tobo kipande cha papye. Ikivutwa kidogo ama ikatulia, motere inapumua vizuri. Ikirushwa, tiyo imezibwa ama segima zimechoka, na lazima kujua ni ipi mbele ya kulipa. Toa ile valvu, itikise: inapaswa kulia ndani, kwa-kwa-kwa. Isipolia, imeganda na matope. Isafishe na esanse, nje, mbali na moto, ama nunua ingine, bei yake ni kidogo sana mbele ya bei ya segima. Irudishe mu tiyo yake, washa, weka kidole kwenye kinywa chake: lazima uhisi inavuta. Halafu rudia ile ya papye. Kama inarushwa bado na kila kitu kiko wazi, basi hapo mekanisiye ana haki, na apime kompresyo mbele yako, silindiri moja moja, namba ziandikwe. Mekanisiye anayekataa kupima kompresyo na anataka kufungula motere, mimi sina cha kuongea naye tena.

Kitu kingine: mu siku za baridi, mwezi wa sita na wa saba, mutaona povu nyeupe ama ya manjano chini ya kifuniko cha mafuta, zaidi kwa mutuka inayofanya safari fupifupi. "Patro, kulasi imekufa, maji inaingia mu mafuta." Pengine ni kweli. Lakini angalia kwanza maji ya radyatere. Kama haipungui, na mafuta ya kwenye kijiti ina rangi yake, ile povu ni mvuke tu uliokosa njia ya kutoka, na tunarudi kwenye tiyo yetu. Kulasi ngapi zimeshushwa bure asubuhi za baridi, Mungu njo anajua.

Wanaoenda kununua mutuka ya okazyo, Lubumbashi ama Kasumbalesa, waangalie hizo tiyo mbele ya kuangalia rangi na muziki. Muuzaji mwenye motere iliyochoka anajua kuficha moshi: anaziba tiyo asubuhi, unaona motere safi, unalipa, na nyumbani mafuta inaanza. Ukikuta buloni, kipande cha muti ama kizibo cha chupa mu kinywa cha tiyo, usianze kubishana bei. Rudi nyumbani na franga zako.

Na tiyo ikipasuka, ibadilishwe na tiyo inayovumilia mafuta na moto. Mpira wa maji ya radyatere inavimba ndani. Ile ya plastiki nyeupe ya soko inalainika na kubanwa na uvutaji, inajifunga yenyewe, na umerudi kwenye buloni bila buloni. Mpira wa kinga tuuache ku kinga.

Kuko nyumba ambapo mama hana neno mu mambo ya mutuka. Mutuka ni ya papa, garaji ni ya papa. Lakini franga iliyonunua mutuka ya yaya wangu, nusu ilikuwa ya makala na mukate, na siku ile mekanisiye alisema "tufungule motere" mukazi wake hakuitwa hata kusikiliza. Angekuwepo angeuliza, juu anaulizaka bei ya kila kitu mara mbili. Tangu muzee aliwaonyesha zile tiyo, ni yeye anayefungula kapo kila siku ya mungu wakitoka misa. Ile buloni bado iko mu kisanduku cha mbele; abiria wakiikuta, shofere anaanza kuwapigia hadithi. Juma lililopita mama alikuta kolye moja imelegea kwenye tiyo ya hewa safi. Akaenda kuchukua turnevisi ya cherehani yake, akaikaza, akafunga kapo, akaenda kupika.